Siku Tano Katuba

Musonoi, Kolwezi, 14 Aprili 2024

Mwanangu Blandine,

Nakusalimu kwa kalamu, maana simu na sikio langu wamekosana. Jana uliponipigia nilisikia "mtoto", nikasikia "maziwa", katikati ni upepo mtupu. Miaka arobaini ya baruti za migodi imelimaliza sikio la kushoto na sasa inatafuta la kulia. Basi tuandikiane. Mimi nilikuwa mwalimu na wewe nilikufundisha kuandika mwenyewe, usiniambie umesahau. Tata Muteba, dereva wa basi la Lubumbashi, amekubali kubeba barua zetu mfukoni. Ukimpokea mpe asante na kitu cha kunywa.

Hapa tuko wazima. Mjomba wako Henri bado anakohoa vumbi, lakini bukari, ugali wetu wa kila siku, anaikata kama kijana. Shimo la mgodi limesogea tena na kwa jirani Florentine ukuta umepasuka. Wetu umesimama, namshukuru Mungu kila nikifungua macho.

Sasa neno lenyewe. Picha ya mjukuu wangu Glodie imefika. Nimeitazama mpaka Henri akaniuliza kama natafuta kosa la kusahihisha. Miaka sita ya ndoa yako watu walikuwa wananiuliza, nami nageuza maongezi. Leo wanauliza nami natoa picha. Mwanangu, nashukuru, nashukuru, sina neno jingine.

Nataka kuja kumbeba. Nitakuja Julai, wakati wa likizo, siku tano tu. Mara ya mwisho kufika Lubumbashi nilikuwa msichana wa shule ya ualimu, nikila mkate mkavu ili niweze kulipa treni. Safari hii pia nitakuja kimaskini: pesa za karanga zinatosha basi kwenda na kurudi, na kidogo cha njiani. Unga nitabeba wangu. Nataka kuona kanisa kuu, wanyama wa zoo, na lile bomba refu la kiwanda nililoliacha likitoa moshi.

Jambo moja: waulize masista wa parokia yenu kama bado wana vitanda vya bei ndogo kwa wageni. Uliza mapema.

Mama yako,
Tshibola


Katuba, Lubumbashi, 2 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Barua yako imefika na harufu ya karanga. Niliisoma nikinyonyesha, na Glodie aliishika pembeni akataka kuila. Meno bado, lakini nia anayo. Anakusalimu. Usiku analala, mchana analia, majirani wote wa lupango, wa ua huu mmoja, wanamjua kwa sauti kabla ya sura.

Mama, eti masista? Masista wa nini? Nimepiga hesabu ya safari yako na jibu ni sifuri. Utalala kwetu. Tuna chumba kimoja na salon ya kupokea wageni, na kwenye salon kuna godoro zuri kuliko la kwetu. Utakula kwetu. Na kwa kutembea mji, mume wangu Mbayo amesema siku hizo tano hatachukua abiria mwingine. Atakupokea kwenye basi na pikipiki yake, atakupeleka kanisa kuu, zoo, sokoni, kila mahali. Alisema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Ambia mama asilipe ata taxi moja. Mi njo dereva wake."

Yaani dereva wako ni yeye, naye siku hizi anaendesha polepole, tangu mtoto azaliwe. Kwa hiyo usiogope.

Pesa za karanga zako ununue kitenge.

Binti yako,
Blandine


Musonoi, 19 Mei 2024

Mwanangu Blandine,

Salamu kutoka kwenye baridi. Imeanza mapema mwaka huu, asubuhi vidole havitaki kushika kalamu. Henri anakusalimu. Florentine amepata bwana wa kumtengenezea ukuta, na sasa anasema ukuta mpya ni mbaya kuliko ule uliopasuka.

Asante kwa hesabu yako. Inaonyesha moyo wako na nimeupokea. Lakini nimefikiri. Salon ni mahali pa kupita watu, na mimi nakohoa. Mtoto mchanga hatakiwi kukaa karibu na kikohozi. Masista ni wazuri, wana utulivu, wanaamka mapema kama mimi. Wakikosa kitanda, binamu wa Florentine yuko mtaa wa Kenya, huko huko Lubumbashi, ana mkeka.

Na kutembea, mbona nina miguu? Nilitembea Musonoi nzima miaka thelathini nikifuata wanafunzi watoro. Mchana nitakuja kwako, mtoto nitambeba, jioni nitarudi nilikolala. Chakula nitapika mwenyewe.

Mwambie mwenye nyumba kwamba nimemshukuru.

Mama yako,
Tshibola


Katuba, 6 Juni 2024

Mama,

Tuko wazima wote watatu. Glodie ameongezeka uzito, muuguzi wa kliniki amemsifu.

Unakohoa? Henri ndiye anayekohoa. Katika barua ya kwanza hukukohoa hata kidogo.

Nitakuuliza waziwazi kwa sababu nikiendelea kuzunguka nitalia. Mbayo amekukosea nini? Miaka sita hujala hata kijiko mbele yake. Siku ya ndoa watu wote walicheza, wewe ulikaa upande wa pili umegeuza mgongo. Alipokuja kukusalimu ulimwachia kiti ukaondoka. Hata jina lake hulitaji: "mwenye nyumba", "baba wa mtoto". Na sasa uko tayari kulala kwenye mkeka wa binamu wa jirani kuliko kulala kwake.

Najua ulimtaka yule mhandisi wa Fungurume anioe. Najua Mbayo ni dereva wa pikipiki, na watu wake ni wa kaskazini, siyo Wakasai kama sisi. Lakini Mama, nyumba hii ndogo ina furaha. Wakati mtoto alipokawia ndugu za Mbayo walimwambia aoe mwingine, akawafukuza mlangoni. Nataka uione furaha hiyo kwa macho yako. Kama utakuja kututembelea kama mgeni wa hospitali, saa za mchana tu, majirani wataniuliza mama yangu ana nini na mume wangu, nami sitakuwa na jibu.

Nijibu ukweli.

Blandine


Musonoi, 13 Juni 2024

Blandine,

Sisi wazima. Salamu zimekwisha, nikae chini nikujibu.

Wewe mtoto, unataka mimi Tshibola, mjane, mwalimu mstaafu, nipande pikipiki nimkamate mkwe wangu kiunoni, kwenye barabara kubwa, mbele ya watu wote wa Lubumbashi? Nikimkumbatia mume wa binti yangu kwenye kila shimo? Niliposoma ile "mi njo dereva wake" nilisimama, nikazunguka nyumba, nikarudi kuisoma tena.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali sahani moja, hawalali chini ya bati moja, na jina lake mama mkwe halitaji hovyo. Siyo chuki, mwanangu. Ni heshima, na hakuna kubwa kuliko hiyo. Bibi yako akimwona baba yako njiani aliingia kwenye majani mpaka apite. Na baba yako alipofariki, bibi yako alilia kuliko mimi. Kwenye ndoa yako niligeuza mgongo kwa sababu mtu wa kugeuziwa mgongo kwa heshima alikuwa yule aliyekuoa.

Nilidhani unajua. Umekulia kwenye cité ya mgodi, kambi ya wafanyakazi, watu wa kila upande wamechanganyika, kila mmoja anaacha desturi kidogo mlangoni, na mimi nilikufundisha herufi nikasahau mengine. Hilo ni kosa langu. Pia niliona haya kukuandikia. Mtu anaelezaje jambo kama hili kwenye karatasi inayopita mfukoni mwa Tata Muteba?

Kuhusu mhandisi wa Fungurume, sijibu.

Mama yako


Katuba, 30 Juni 2024

Mama,

Nakusalimu. Mtoto mzima, baba yake mzima.

Wiki tatu hakuna neno kutoka kwako. Mbayo anapita kwenye kituo cha basi kila siku kuuliza barua, nami namwambia aache. Nimeelewa. Kama kuja ni mzigo, usije. Nitakutumia picha nyingine.

Blandine


Katuba, 4 Julai 2024

Mama, Mama, Mama yangu,

Ile barua ya tarehe thelathini, niliyompa dereva mwingine, ichane kabla hujafika mwisho. Kama umeshaisoma, nisamehe.

Basi la Tata Muteba lilikufa injini Likasi, likakaa huko wiki mbili kusubiri kipuri, na barua yako ilikaa naye kwenye koti. Mbayo ndiye aliyeipokea jana. Leo wakati wa chai nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno. Nilipofika "nimkamate kiunoni" alitua kikombe. Nilifikiri amekasirika. Akaniambia: "Blandine, ata kwetu njo vile vile. Mama yangu halalake mu nyumba ya bwana wa dada yangu. Mi niliogopa kuuliza. Nilisema, pengine bamama ba Kasai balishaacha, nikiuliza bataniona mushamba. Miezi mbili nikiwaza ile pikipiki, jasho inatoka."

Mama, tulicheka mpaka mtoto akaamka. Mimi nilikuwa nalia upande mmoja, yeye anatoka jasho upande mwingine, na wewe unazunguka nyumba Musonoi. Watu watatu wazima, na hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa sikiliza alivyopanga. Siku tano zote atalala kwa rafiki yake Kazadi, barabara ya tatu kutoka hapa. Nyumba itakuwa yangu na yako. Kazadi naye ni dereva wa pikipiki, ni Mkasai, kwako atakuwa kama mtoto. Yeye ndiye atakayekubeba. Mbayo atatangulia mbele na pikipiki yake kuonyesha njia na kufukuza mashimo. Chakula chake nitampelekea. Hutalipa chochote, na heshima haitaguswa.

Unakuja?

Binti yako anayesubiri,
Blandine


Musonoi, 11 Julai 2024

Mwanangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Ya tarehe thelathini imewasha mkaa wa chai. Ya pili imekunjwa ndani ya Biblia.

Henri alikuja mbio aliposikia nacheka peke yangu, akafikiri sasa hata kichwa kimefuata masikio. Nilimsomea. Amesema mkwe huyo ana akili.

Nakuja. Nitashuka Jumanne tarehe 23, nitarudi Jumapili tarehe 28. Nina unga, nina karanga, na nimenunua samaki wakavu wa ziwa la Nzilo. Kazadi ana uzito gani? Uliza, maana mimi si mwepesi.

Mwambie baba wa Glodie kwamba mama mkwe wake anamshukuru kwa kitanda chake.

Mama yako,
Tshibola


Musonoi, 4 Agosti 2024

Mwanangu Blandine,

Nimefika salama na nimekaa wiki nzima bila kukuandikia, kwa sababu ninalotaka kusema ni refu na mikono ilikuwa na baridi. Henri mzima. Florentine amekuja kila siku kutaka habari, nami namgawia kidogo kidogo kama sukari.

Asante kwa siku tano. Asante kwa mtoto uliyenitupia mgongoni kabla sijavua viatu. Nimembeba sokoni, nimembeba kanisa kuu, na kwenye zoo alilala huku nyani wakimtazama. Asante kwa bomba la kiwanda. Nilitaka kulicheka kwa sababu halitoi moshi tena, lakini nilipolitazama nilijikuta naliheshimu. Asante kwa majirani zako walioniletea maji moto ya kuoga bila kuulizwa. Nimetembea mji mkubwa kwa pesa za karanga, na zimebaki.

Sasa nikuambie ambalo hukuliona. Jumapili asubuhi tuliagana mlangoni, wewe ukabaki na mtoto kwa sababu ya baridi. Mnyororo wa pikipiki ya Kazadi ulikatika kabla hatujafika mwisho wa barabara yenu, ukamchana vidole asiweze tena kushika usukani wowote. Taxi zilikuwa hazijaamka. Moja ilipita, ikataja bei ya kunichinja. Baba wa Glodie alikuwa mbele. Akasimama, akatoa pesa mfukoni, akamwita Kazadi anipelekee. Nikakataa. Siku tano hakuchukua abiria, nilijua mfuko wake ulivyo. Nilimwambia Kazadi: nitatembea, muda bado upo.

Nikaanza kutembea. Nyuma sikusikia injini. Nikageuka kidogo. Alikuwa ameweka mzigo wangu kwenye kiti cha pikipiki, ameufunga kwa mpira, anaisukuma kwa mikono, hatua ishirini nyuma yangu. Pikipiki nzima, tangi limejaa. Nilipopunguza mwendo alipunguza. Nilipopumzika kwenye ukuta wa shule, naye alisimama kule akawa anatazama tairi. Kutoka Katuba mpaka mjini, Blandine. Unajua ni mbali kiasi gani.

Mama mmoja muuza mikate, anayeita pikipiki moto kama wote wa huko, akampigia kelele: "Tata, moto yako imekufa?"

Jibu nililisikia, hata mimi na sikio langu, maana baba wa Glodie alijibu kwa nguvu: "Haiyakufa, mama. Niko nasindikiza mama-mukwe wangu. Eko anatembea kwa miguu, mi nitapandaje?"

Karibu na basi tulichelewa. Akaniacha, akakimbia na pikipiki yake mkononi, akaiweka mbele ya basi ili lisitoke. Nilipofika mzigo ulikuwa chini, mlangoni, na yeye amerudi nyuma mpaka ukutani ili niuchukue bila mikono yetu kukutana. Nilipanda. Alivua kofia, akainamisha kichwa, basi likaondoka. Nililia mpaka Likasi.

Uliniuliza juu ya mhandisi wa Fungurume nikasema sijibu. Sasa najibu. Ndiyo, nilimtaka. Desturi niliyokuandikia ni ya kweli, kila neno. Lakini nilijificha nyuma yake. Siku ya ndoa yako niligeuza mgongo kwa heshima, na pia kwa hasira, na watu wote waliona heshima tu. Ilinifaa. Miaka sita sikuhitaji kumtazama mtu niliyemdharau, na kila mtu alinisifu kwa kujua adabu. Wewe peke yako ulihisi, nami nikakukemea kama mtoto asiyejua desturi. Ulikuwa sahihi. Nisamehe.

Yeye aliishika desturi ile ile kwa moyo safi. Mimi nimeishi na mume mzuri na kaka wanne, na hakuna aliyewahi kuteremka kwenye chombo chake ili atembee kwa sababu mimi natembea.

Siwezi kumshukuru uso kwa uso, hilo halijabadilika. Fanya hivi: nenda pale wanapoegesha pikipiki, mbele ya wenzake, uwasomee mstari huu wasikie wote: Mimi Tshibola, mama wa Blandine, nasema kwamba Mbayo ni mkwe wangu, na kama ningepewa kuchagua leo, ningemchagua yeye.

Mama yako,
Tshibola


Katuba, 18 Agosti 2024

Mama yangu,

Glodie amekaa peke yake kwa mara ya kwanza, akaanguka, akacheka. Anakusalimu, nasi wote tunakusalimu.

Mbayo hakuwa ameniambia. Jumapili ile alirudi na viatu vimejaa vumbi, nikamuuliza, akasema Kazadi amepata shida ya mnyororo. Basi. Nilisoma barua yako nimekaa kwenye godoro ulilolalia, na nilipomaliza nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda moja kwa moja njia panda wanapoegesha pikipiki. Nimekusamehe kabla sijafika kwenye kona, usirudie tena kuomba.

Madereva walikuwepo kumi na wawili. Niliwaomba wazime injini. Nilisoma mstari wako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mmoja wao hakuzima. Kazadi akapiga honi, wengine wakafuata, mpaka polisi wa njia panda akaja kuuliza ni nani anayeoa.

Mbayo alivaa kofia yake, akashusha kioo chake ili tusimwone macho, akakaa juu ya pikipiki iliyozimwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Alikuja abiria akataka kwenda Kamalondo. Kazadi akamwambia, "Huyu muache kwanza," akamchukua abiria yeye mwenyewe.

Tulisimama kando yake mimi na mtoto, tukamsubiri.

Binti yako,
Blandine